Neno la Silabi Nne

Barua aliyokuja nayo kaka yangu kutoka hospitali ya Kitale ilikuwa na mistari saba tu, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mtu mwenye haraka. Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili karibu na Bungoma, msichana ambaye hajaolewa, na katika boma letu ni mimi peke yangu niliyejua Kiingereza. Kwa hiyo barua ikaletwa kwangu. Niliisoma nimesimama mlangoni, na macho yangu yakakwama mstari wa tano, kwenye neno ambalo sikuwa nimeliona popote.

Nilijaribu kulikata kama nilivyowafundisha watoto kukata maneno ubaoni. Nikapata vipande vinne: krip, to, je, nik. Lugha zetu zinamhurumia msemaji. Silabi inaishia kwa irabu, mtu anafungua mdomo, anapumua, anaendelea. Neno hili lilianza na konsonanti mbili zilizobanana, likafunga midomo kwa p, halafu mwishoni likagonga nyuma ya koo na kukaa hapo. Nililisema mara tatu na mara zote tatu nilihisi kama nimeapa kitu nisichokijua.

Nililishuku papo hapo. Mimi kwa tabia ni mtu wa kushuku, hata mama muuza mboga akiniongezea fungu nitaligeuza kuona kilichooza kiko wapi. Lakini hapa nilikuwa na sababu. Maneno marefu ya Kiingereza yalipofika kwetu hayakuwahi kuja na sukari. Lilikuja moja la kupunguza ng'ombe, likaja lingine la kuchimba matuta mashambani bila malipo. Sasa hili lilikuwa limekuja likiwa limeandikwa kando ya jina la kaka yangu.

Kaka alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu, mbele ya Kachibora. Kazi ile ilimfanya atembee kifua mbele. Krismasi hiyo alikuja nyumbani akakaa siku nne, akarudi kazini, na wiki moja baadaye akaanguka kwenye ua wa karakana, akatetemeka, akajing'ata ulimi. Mwenye shamba alimpeleka Kitale kwa gari lake mwenyewe. Daktari alimpima, akampa vidonge na barua ya kumpelekea dresa, mhudumu wa dawa wa zahanati yetu, akamwambia asipande tena trekta maisha yake yote. Kaka alirudi nyumbani na sanduku lake la mbao. Aliililia trekta kuliko alivyokililia kichwa chake.

Kwetu kifafa hakikuwa ugonjwa wa kusemwa kwa sauti. Mtu akianguka, watu walirudi nyuma, hakuna aliyetaka kumgusa. Na mtu mzima, mwenye nguvu, aliyekuwa akiendesha mashine ya wazungu, hawezi kuanguka hivi hivi. Lazima kuna mkono. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakuhitaji hata nusu siku kuupata mkono huo.

"Krismasi alikula wapi?" aliuliza, akiwa bado hajaketi. "Si alikula kwa huyo? Ati kunde na simsim, peke yake, wengine hatukuonjeshwa. Sasa ona."

"Huyo" alikuwa mke wa pili wa baba. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, na huyu ndiye aliyetuchukua. Alinichana nywele, alinifundisha kusaga wimbi bila kujichubua vidole, na nilipokwenda bweni la wamisheni alitembea nami kutwa nzima, sanduku langu kichwani mwake. Nilimwita mama, bila kuongeza neno la kambo. Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, wa kiume, na shangazi alisema hapo ndipo penye kiini: amwondoe mkubwa ili shamba liende kwa wake.

Shangazi alitaka afukuzwe. Baba, ambaye angeweza kukaa kimya mpaka chai ipoe na kuku wainywe, alisema tu kwamba tuisikilize barua kwanza. Ikaamuliwa ukoo ukutane Jumamosi. Kama daktari ameandika ni ugonjwa wa kawaida, mama atabaki. Kama ameandika ni sumu, au kitu chochote kilichotiwa na mtu, ataondoka siku hiyo hiyo. Na aende wapi? Ndugu zake walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Ndalu, wakiishi kwa ruhusa ya mwenye shamba, bila hata mahali pa kuchimba kaburi. Mwanamke wa umri wake aliyerudishwa kwa jina la uchawi asingepokelewa pale wala kwingine.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikamtetea. Sikusimama. Nilisema, "Tungoje Jumamosi," kwa sauti ya mtu mwenye haki, na kuanzia jioni hiyo nikaanza kumtazama. Nilimwona akiosha chungu kimoja mara mbili. Nilimwona akimwaga majivu nyuma ya ghala badala ya shambani. Nilimwona akiongea peke yake akichambua mboga. Mambo hayo yote alikuwa akiyafanya tangu nilipokuwa mdogo, lakini sasa nilikuwa nayahesabu.

Kamusi yangu ya shule haikuwa na neno lile. Jumatano nililipeleka kwa mwalimu mkuu wetu, mtu wa suruali fupi iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu hakijui. Aliishika karatasi mbali, halafu karibu.

"Kliputo-geniki," alisema. Yeye l na r zilikuwa ndugu mapacha mdomoni mwake, na uzito wa neno aliuweka kwenye ni, kama tunavyofanya kwa maneno yetu. "Hiyo ni aina ya dawa, mwalimu. Dawa ya unga. Ya Ulaya."

"Lakini sentensi inasema ugonjwa wenyewe ndio uko hivyo, bwana mkubwa."

"Basi ni ugonjwa wa unga," alisema, akanirudishia karatasi.

Niliomba ruhusa ya Ijumaa nikapanda basi la alfajiri kwenda Kitale, barua ikiwa ndani ya Biblia na Biblia ndani ya kikapu. Sikumwamini mtu yeyote na barua ile. Mwanamume aliyekaa karibu nami aliuliza nimebeba nini, nikahamia kiti cha nyuma nikavumilia vumbi.

Daktari hakuwepo, alikuwa amekwenda kuona wagonjwa nje ya mji. Nikaelekezwa dirisha la dawa. Hapo palikuwa na mzee mmoja Mwislamu wa pale mjini, nyumba yake nyuma ya msikiti, koti jeupe juu ya kanzu. Alikuwa akipima dawa pale tangu Kitale ilipokuwa, kwa maneno yake, matope na maksai. Nilimwambia mimi ni mwalimu, dada wa dereva wa trekta aliyeanguka, nikamwonyesha barua nikiwa nimeifunika kwa viganja, ili aone neno tu.

Alicheka. "Unaficha nini, mwalimu? Mimi ndiye niliyempa huyu vidonge." Halafu akasema, "Neno hili usilimeze zima, litakukwama. Likate. Krip. To. Je. Nik. Uzito uweke kwenye je. Krip-to-JE-nik. Sema."

Nilisema. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakasema nasi, kwa kusaidia tu.

Alitoa kitabu kinene kilichokuwa kikizuia mlango usijifunge, akakipangusa, akapata ukurasa. Akanieleza kwamba madaktari hujenga maneno yao kwa mabaki ya Kigiriki, kama mtu anayejenga nyumba kwa mawe ya nyumba ya zamani. Kripto ni kilichofichika. Jeni ni kuzaliwa, kutoka, chanzo. Ile ik ya mwisho ni mkia tu, ya kuonyesha kwamba neno linasifu kitu. "Ukiunganisha, ni ugonjwa ambao chanzo chake hakionekani. Neno lenyewe si la kila siku. Daktari akishatafuta huku na huku asione kitu, huandika hivyo."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui. Lakini huwezi kuvaa tai yote ile halafu ukaandika sijui."

Ningepaswa kucheka. Badala yake niliifikiria Jumamosi. Niliisikia sauti ya shangazi tayari: kimefichika, kimefichwa na nani? Nikamuuliza yule mzee, polepole, kama jambo kama hilo linaweza kuletwa na chakula. Na kitu kilichotiwa kwenye chakula.

Aliacha kufunga kitabu. "Unamfikiria nani, binti yangu?"

"Simfikirii mtu," nilisema.

Alikifunga kitabu. "Neno kama hili ni chungu," alisema. "Ukikivunja utapata vipande, na vipande havipikiwi. Ukifika kwenu wape neno zima. Waambie daktari ametafuta, hakuona. Na hiyo mistari mingine umeisoma?"

"Nimeisoma, mzee."

"Vyema," alisema, akarudi kwenye chupa zake. Njia nzima ya kurudi nilimshuku hata yeye, kwamba huenda alijua zaidi na hakutaka kusema.

Jumamosi watu walikaa kwenye ua wa baba saa nne za asubuhi, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Kaka alikaa kwenye kigogo karibu na mlango, amevaa koti lake la kazi. Mama alikaa peke yake karibu na ghala, mikono kwenye magoti. Hakuna mwanamke aliyetandika mkeka karibu naye. Mimi nilisimama katikati na karatasi. Tulizungumza Kibukusu, ila shangazi akikasirika alipenda kuingia kwenye Kiswahili, ili isionekane ni ugomvi wa nyumbani bali kesi.

"Soma balua," aliniambia. "Na usiruke kitu. Tunakujua, wewe ni mtoto wake."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa hayakuwa kweli wiki hiyo. Nilisema moja kwa moja kile nilichoshauriwa: daktari wa Kitale amempima, ametafuta chanzo cha ugonjwa, hakukiona.

"Ati hakuona?" Shangazi alinyanyuka nusu. "Daktari mwenye miwani mbili hakuona? Hiyo neno yenyewe iko wapi? Tunasikia ulienda mpaka Kitale kwa sababu ya neno. Tuambie neno."

"Kriptojenik," nilisema, uzito kwenye je.

Wanawake wakavuta mikeka yao nyuma. Nadhani lilitisha zaidi kwa kutamkwa vizuri. Baba mdogo mmoja, ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu, akasema kwa heshima kabisa, "Mwalimu, si huwa mnawakatia watoto maneno? Tukatie na sisi."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na ulimi, na nilikuwa na onyo la mzee wa dawa ambalo halikuwa hata na siku mbili. Lakini watu wazima thelathini walikuwa wakinitazama kama darasa, na kiburi cha ualimu kikanipanda. Nikawakatia. Je na nik, kilichozaliwa, chanzo. Krip na to, kilichofichika.

"Si nilisema!" Shangazi alipiga makofi mara moja. "Kimefichwa! Mzungu mwenyewe ameandika! Nani ameficha? Nani alipika?"

Kelele zilizofuata siwezi kuzipanga. Mtu alisema atolewe kabla jua halijafika utosini. Mwingine alitaka nyumba yake ipekuliwe. Mama alitazama tu chini kati ya miguu yake, na mimi nikamtazama nikisubiri uso wake ujisaliti. Naandika hivyo kwa aibu. Nilisubiri.

Baba ndiye aliyezima kelele, bila kusimama. "Isome tangu mwanzo," aliniambia. "Polepole. Neno kwa neno. Hata yale madogo."

Basi nikaanza tena, nikigeuza kila neno kwa lugha yetu, kama mtu anayeokota dengu kwenye mawe. Mtu huyu ana umri wa miaka ishirini na minane. Ni dereva wa trekta. Hanywi pombe sana. Aliugua malaria mwaka uliopita. Alianguka mara ya kwanza mwezi wa saba, akiwa kazini. Mara ya pili mwezi wa kumi. Mara ya tatu mwezi huu wa Januari.

Nikaacha kusoma.

"Rudia hapo," baba alisema.

"Mara ya kwanza mwezi wa saba."

Sasa hata mbuzi angeweza kuhesabu. Tangu kaka aajiriwe kwenye shamba lile, mwaka mmoja na miezi kadhaa, hakuwa amekanyaga nyumbani hata mara moja mpaka Krismasi hiyo, na shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akilalamika kila tulipokutana kwamba ametusahau. Kunde na simsim ya Desemba haiwezi kumwangusha mtu mwezi wa saba uliopita. Watu wakageuka kumtazama kaka.

"Ni kweli?" baba aliuliza.

Kaka alivuta mikono ya koti lake. "Ni kweli, baba. Nilianguka huko kwenye mahindi, peke yangu. Nikaamka nikajipangusa. Ningesema, si wangeniondoa kwenye trekta? Daktari aliniuliza kwa ukali ndipo nikamwambia."

"Na sisi ukatuacha tumchome huyu mama?" baba alisema.

Kaka alianza kulia, mtu mzima, mbele ya watu wote. Baba mdogo aliyetaka neno likatwe akaanza kutafuta kofia yake. Shangazi alifunga leso yake upya kiunoni, akaifungua, akaifunga tena. "Sasa mimi ningejuaje, bana?" alisema. "Mwezi wa saba sikuwa Kachibora." Halafu akauliza kama hapa kwetu siku hizi wageni hawapewi chai. Hiyo ndiyo radhi pekee niliyowahi kumsikia akiomba, na mama akainuka akaenda kuteleka maji.

Watu waliondoka mmoja mmoja wakinisifu. Waliniambia Kiingereza changu kimeokoa nyumba. Nilipokea sifa na huku nikitaka ardhi inimeze, maana barua ile nilikuwa nimeisoma labda mara kumi tangu siku ya kwanza. Mwezi wa saba uliandikwa kwa neno jepesi ambalo watoto wangu wa darasa la pili walikuwa wakiliimba kila asubuhi kwenye orodha ya miezi. Nilikuwa nimelipita kila mara nikikimbilia neno gumu. Sikuliona kwa kuwa sikuwa natafuta cha kumtoa mama. Nilikuwa natafuta cha kumtia hatiani, na nilikwenda mpaka Kitale kukitafuta, na nilijidanganya kwamba ninakwenda kwa ajili yake.

Alasiri, ua ulipokuwa mtupu, aliniita jikoni. Alikuwa amepika uji wa wimbi, ule mwembamba wenye ndimu niliokuwa nikiupenda tangu utotoni. Aliuchota kwa kata akanipa kwa mikono miwili.

"Umesimama juani tangu asubuhi, mwanangu. Kunywa."

Kwetu anayempa mgeni kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Hufanyiwa mgeni, au mtu wa boma lingine. Mtoto wa nyumbani haonjewi, hupewa tu akanywa. Miaka yote ile mama hakuwahi kunionjea kitu.

Nilijua hana kosa. Nilikuwa nimelithibitisha mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya ukoo mzima. Nilinyoosha mkono kupokea kata, na mkono ukasita. Haikuwa hata muda wa kupumua mara mbili. Niliuamuru uende, ukachelewa.

Mama aliona. Hakukunja uso. Aliirudisha kata kwake, akanywa funda moja, akameza nikimtazama, akapangusa ukingo kwa kiganja, kisha akanipa tena.

Nilikunywa uji wote. Nilimshukuru, nikasema ni mtamu, nikasema mambo mengi. Yeye aliitikia vizuri, akaniuliza habari za shule, akaniambia nisichelewe njiani.

Aliishi katika boma letu miaka mingi baada ya hapo, akanitayarishia harusi yangu, akawalea watoto wangu kila likizo. Wao aliwapa chakula wakala. Mimi, kila aliponipa kitu, hata maji, alionja kwanza.